Gofu ya visahani chuoni Tanga: vikapu tisa katikati ya mkonge, miembe na upepo wa kusi

Uwanja wa gofu ya visahani, mchezo wa kurusha visahani vya plastiki hadi viingie vikapuni, ulioko katika chuo kimoja kidogo cha pwani ya jiji la Tanga una vikapu 9 tu, na njia yake ndefu kuliko zote haifiki mita 150, lakini aliyeupanga alijua anachokifanya. Kila kikapu kimewekwa mahali ambapo matawi ya mwembe, safu ya mkonge, mwinuko wa mawe ya matumbawe au upepo wa bahari unamlazimisha mchezaji kufikiri kabla ya kunyoosha mkono. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya mchezo wala kifusi kilichomwagwa, na ardhi ambayo wanafunzi walikuwa wakiipita tu kwenda darasani sasa ina sababu ya kutazamwa hatua kwa hatua. Ninaupendekeza kwa moyo wote kwa mtu yeyote wa Tanga, Muheza au Pangani mwenye asubuhi moja ya kupumzika, isipokuwa nina madai mawili ambayo nitayaeleza kwa urefu: kituo cha kurushia cha kikapu cha sita kihamishwe, na mgeni anayefika kwa mara ya kwanza apewe kisahani kinachomfaa.

Chuo chenyewe sikitaji jina, kwa kuwa uwanja ni wa wanafunzi na uongozi haujaufungua rasmi kwa umma. Wageni wanapokelewa kwa hisani, na si adabu kuigeuza hisani kuwa tangazo. Mwenyeji wa Tanga akiwauliza vijana wa vyuo ataelekezwa bila taabu. Mimi nimefundisha elimu ya michezo na netiboli katika shule za sekondari za mkoa huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nilikwenda na binti wa kaka yangu pamoja na walimu wenzangu wa zamani, baadhi yao wakiwa watu wazima ambao hawajarusha chochote tangu walipoacha shule. Nimeutazama uwanja huu kwa jicho hilo la ualimu, nikitaka kujua kama anayeanza anaelewa afanye nini, kama anayejua anapata kazi ya kutosha, na kama mpita njia asiyecheza anabaki salama.

Kwa wasioufahamu mchezo, hii ni gofu ileile ya kuhesabu mikwaju, ila mpira na fimbo vimeondolewa. Mchezaji anarusha kisahani cha plastiki kutoka kituo cha kurushia kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Pale kinapoangukia ndipo anaporushia tena, mpaka kiingie kikapuni, na anayemaliza vikapu vyote kwa mitupo michache zaidi ndiye mshindi. Aliyeupa mchezo sura hii ni Mmarekani Ed Headrick, ambaye mwaka 1975 alijenga uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California, na mwaka 1976 akaanzisha PDGA, chama kinachosimamia kanuni za mchezo huu duniani. Hapo mwanzo shabaha ilikuwa nguzo tupu, na wachezaji walikuwa wakibishana bila mwisho kama kisahani kimeigusa au kimeipita. Ubishi huo ndio uliomfanya abuni kikapu cha minyororo, ambacho humaliza mjadala kwa sababu kisahani ama kimo ndani ama hakimo.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu kitu cha kwanza ninachokikagua katika uwanja wowote wa aina hii ni vikapu vyake. Vya hapa vimechomelewa na mafundi wa mjini. Tanga ni jiji la baiskeli, na mafundi hao wametumia rimu kuukuu za baiskeli kwa duara la juu linaloshikilia minyororo, bomba la chuma kwa nguzo, na nondo nyembamba zilizosukwa kwa kapu la chini. Kazi ni safi. Duara limesimama sawasawa, kapu halina ncha inayoweza kumchana mtu mkono, na nguzo zimefukiwa kwa zege kiasi kwamba hazitikisiki hata ukiziegemea.

Kasoro iko kwenye minyororo. Kazi ya mnyororo ni kuumeza mwendo wa kisahani: pete zinayumba na kugongana, nguvu inaishia humo, na kisahani kinadondoka wima ndani ya kapu. Kwa sababu hiyo vikapu vya mashindano huwa na safu mbili, ya nje na ya ndani, ili kisahani kinachopenya ya kwanza kikamatwe na ya pili. Hapa safu ni moja, na nafasi kati ya mnyororo na mnyororo ni pana, kwa hiyo kisahani kilichorushwa kwa nguvu katikati kabisa, mahali ambapo mchezaji anastahili kulipwa, mara nyingine kinapita na kutokea upande wa pili. Nimewaona vijana wakijifunza kutupa taratibu, kwa upinde wa juu kidogo, ili kisahani kifike kikiwa kimechoka, na kwa hakika hiyo ni mbinu nzuri hata penye vikapu bora. Lakini haifai mtupo sahihi uadhibiwe. Minyororo michache ya ziada iliyofungwa karibu na nguzo ingetosha, na gharama yake haiwezi kuushinda mfuko wa michezo wa chuo. Jambo jingine ni chumvi. Vikapu viwili vilivyo karibu na bahari vimeanza kushika kutu kwenye viungo, na mnyororo ulioshika kutu hukakamaa, ukakirudisha kisahani badala ya kukimeza. Mafuta kidogo kila mwezi, au mnyororo uliopakwa zinki tangu mwanzo, na vikapu hivi vitadumu miaka.

Sasa niuelezee uwanja wenyewe kwa mpangilio wake, bila kuvipa vikapu vyote uzito mmoja, maana havilingani.

Kikapu cha kwanza kiko nyuma ya maktaba, umbali wa mita 60 hivi, njia imenyooka kati ya mistari miwili ya miarobaini. Ni mwanzo mzuri. Anayeanza anafika kwa mitupo mitatu au minne bila aibu, na anayejua anapata nafasi ya kupima mkono wake kabla mambo hayajawa magumu. Cha pili ni cha kupita tu.

Cha tatu kinahitaji maelezo. Kutoka kituo cha kurushia unaona miembe mitatu mikubwa imesimama kama pembetatu, na kikapu kiko nyuma yake, umbali wa mita 70. Kuna nafasi mbili: ya kushoto ni pana lakini inakupeleka mbali na kikapu, na ya katikati ni nyembamba, ya chini, na inakuweka karibu kabisa na lengo. Uchaguzi huo kati ya usalama na tamaa ndio roho ya gofu ya aina yoyote, na hapa umepatikana bila mtu kujenga kitu. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba uchaguzi wenyewe hubadilika kwa msimu. Miembe inapobeba, kuanzia mwishoni mwa mwaka, matawi huinama kwa uzito wa maembe na nafasi ya katikati karibu inaziba, na wakati huohuo watu huwa chini ya miti wakiokota, hivyo mchezaji mwenye busara huenda kushoto na kumaliza kwa mitupo mitatu bila kujuta.

Kikapu cha nne ndicho ninachokihesabu kuwa bora kuliko vyote, na ningefunga safari kwa ajili yake peke yake. Njia inaelekea mashariki, baharini, mita 95, na upande wote wa kushoto umepakana na safu ya mkonge wa zamani, mimea iliyoachwa na enzi ambazo mkonge ndio ulioilisha Tanga. Kisahani kinachovuka safu hiyo kiko nje ya mpaka, na mchezaji anaongezewa mtupo mmoja wa adhabu. Mpaka hapo ni jambo la kawaida. Ugumu unaanza unapokumbuka mambo mawili. Kwanza, kisahani kilichorushwa kwa mgongo wa mkono wa kulia, yaani mkono ukitoka kushoto kwenda kulia, huzunguka kuelekea upande wa mishale ya saa, na kinapopungua kasi mwishoni huvutika kushoto. Hiyo ni tabia yake ya asili. Pili, kuanzia Aprili hadi Septemba hapa kwetu ni msimu wa kusi, na ukisimama umeelekea mashariki, kusi inakupiga kutoka kulia. Kwa hiyo tabia ya kisahani na nguvu ya upepo vyote vinakusukuma upande mmoja, kwenye mkonge.

Wengi hujaribu kujiokoa kwa kukiinamisha kisahani ukingo wake wa kushoto, kwa kuwa ndivyo wanavyozoea kukirusha kila siku, na hapo ndipo wanapoharibikiwa. Kisahani kilichoinamishwa hivyo hulionyesha tumbo lake upande wa kulia, upepo hulikamata tumbo hilo na kukipandisha, kisha hukichukua kushoto mbali kuliko ambavyo mkono wa mtu ungeweza. Dawa yake ni kukiinamisha kidogo ukingo wa kulia, kulenga upande wa kulia wa njia, na kurusha chini, ili upepo ukandamize mgongo wa kisahani na kukishikilia karibu na ardhi. Kijana aliyetuongoza, mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye subira ya ajabu, alitueleza hayo kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi. "Mwalimu, usipigane na kusi," aliniambia. "Mpe mgongo wa kisahani, asipate pa kukamata." Baada ya Desemba, kaskazi inapoingia, upepo huja kutoka kushoto mbele na kukisukuma kisahani mbali na mkonge, na njia ileile inakuwa ya kupumulia. Sijui uwanja mwingine wa michezo hapa Tanga ambao kalenda ya majahazi inahusika nao moja kwa moja kiasi hiki.

Nina ombi moja juu ya mkonge huo. Ncha za majani yake ni ngumu na kali, na mtu anayeinama kutafuta kisahani anaweza kuumia jicho. Kwenye sehemu ya mwanzo ya safu ncha zimekatwa, jambo linaloonyesha kwamba kuna aliyelifikiria, lakini karibu na kikapu, ambako ndiko visahani vingi vinakopotelea, bado hazijaguswa. Zikatwe zote.

Cha tano ni kifupi, mita 45, na kikapu kimewekwa juu ya mwinuko wa mawe ya matumbawe chini ya mivinje. Mtupo wa kwanza ni rahisi. Tatizo ni wa pili, kwa sababu kisahani kinachokikosa kikapu hudondokea ukingo, husimama wima na kubingirika mteremkoni hadi chini kabisa. Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni kanuni inamtaka mchezaji aonyeshe amesimama imara baada ya kurusha, kabla hajapiga hatua kupita alama ya pale kisahani chake kilipokuwa, na juu ya mawe yale kusimama imara ni ujuzi. Mwalimu yeyote wa netiboli ataitambua kanuni hii mara moja. Wasichana tuliowafundisha kudaka, kutua na kuuheshimu mguu wa kutulia wanakuja na faida kubwa, na binti wa kaka yangu, ambaye ni mshambuliaji wa timu ya shule yake, alikuwa mtulivu zaidi kwenye kikapu hiki kuliko vijana wa kiume waliotutangulia. Natamani walimu wa michezo wa shule zilizo jirani walione hili, kwa kuwa mchezo usiohitaji mbio ndefu wala mwili mkubwa, na ambao msichana aliyevaa sketi ndefu na hijabu anaucheza bila kubadilisha chochote, ni nadra.

Sasa nifike kikapu cha sita, ambacho kwa jinsi kilivyo leo kinapaswa kufungwa. Mchezaji anasimama kwenye kona ya jengo la madarasa na kurusha kuvuka njia ya miguu inayotoka mabwenini kwenda bwaloni. Kona hiyo inamzibia upande wa kulia wa njia, hivyo hawezi kumwona anayekuja mpaka mtu huyo awe tayari ameingia katikati ya mtupo. Kisahani cha kurusha mbali huwa na uzito unaokaribia gramu 175, plastiki yake ni ngumu, na wachezaji hodari hukirusha kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Wanafunzi wa hapa hawajafikia kasi hiyo, lakini hata nusu yake usoni mwa mtu aliyebeba sahani ya wali ni msiba. Ni kweli kwamba kanuni za mchezo zinamkataza mtu kurusha panapokuwa na hatari kwa wengine, na ni kweli pia kwamba vijana wenyewe wana utaratibu wa kumweka mmoja wao kwenye kona apaze sauti. Siku yetu aliyekuwa pale alifanya kazi hiyo kwa makini, akisema, "Subirini kwanza, mama zangu, kuna watu wanatoka kula." Lakini usalama unaotegemea kwamba mtu fulani hatachoka na hatasahau si usalama wa kutosha, hasa chuoni, ambako anayepita hakuja kucheza wala hakukubali hatari yoyote.

Suluhisho liko mbele ya macho. Kituo cha kurushia kikisogezwa hatua kama 30 upande wa kaskazini, nyuma ya tangi la maji, mtupo utakwenda sambamba na njia ya miguu badala ya kuikata, na kikapu chenyewe hakitahitaji kuguswa. Njia itapungua urefu kidogo. Hakuna atakayelalamika. Nimelieleza jambo hili kwa karani wa michezo wa chuo, ambaye alinisikiliza kwa heshima na kuandika. Ninaliandika na hapa ili wageni wengine walisemee pia.

Cha saba ndicho kirefu kuliko vyote, mita 140, na kimepangiwa mitupo minne ilhali vingine vyote vimepangiwa mitatu. Kinapita kando ya uwanja wa mpira kuelekea kusini, yaani usoni mwa kusi, mahali pa wazi pasipo na kinga. Upepo wa mbele huongeza kasi ya hewa inayopita kwenye kisahani, kwa hiyo kisahani hufanya kana kwamba kimerushwa kwa nguvu kuliko ilivyotumika: huinuka, hugeuka kulia kupita kiasi, na chepesi kinaweza kupinduka kabisa. Hapa ndipo mtu anapojifunza kwamba nguvu siyo jibu, na kwamba kisahani kizito kilichorushwa chini, kwa mkono laini, hufika mbali zaidi. Alfajiri, wakati umande unavuma kutoka bara, njia hiyohiyo ina upepo mdogo sana na hata mzee anaimaliza kwa raha. Jioni kuna mazoezi ya mpira, na ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya michezo inawapa wachezaji wa mpira haki ya kwanza, jambo ambalo naliona ni sawa.

Cha nane hakina la kuandikwa, isipokuwa kwamba hakina kibao cha umbali. Cha tisa kiko chini ya mkungu mkubwa mbele ya bwalo, na wanaokunywa chai barazani wanakuona ukimalizia. Wapo wasiopenda kutazamwa. Mimi naona ni mahali pazuri pa kuwavutia wanafunzi wengine waulize mchezo huu ni nini.

Niseme juu ya ardhi. Gofu ya mpira yenye mashimo 18 inahitaji makumi ya hekta, maji mengi na mashine za kukata nyasi. Gofu ya visahani, kwa hesabu inayotumiwa na wapangaji wengi, inahitaji takribani ekari moja kwa kila kikapu, tena ekari hiyo inaweza kuwa na miti, mawe na mteremko, na ikiwa hivyo ndivyo inavyopendeza. Ndiyo maana vyuo vingi vya Marekani vina viwanja vya namna hii katikati ya mabweni na madarasa, na dunia nzima sasa ina viwanja zaidi ya 10,000. Chuo hiki cha Tanga kimejipatia uwanja kwenye ardhi iliyokuwa haitumiki kwa lolote, kwa gharama ya chuma, zege na ufundi. Udongo wake wa kichanga hunyonya maji haraka, kwa hiyo hata wakati wa masika unaweza kucheza muda mfupi baada ya mvua kukatika. Usumbufu wa masika ni nyasi tu, ambazo hurefuka hadi magotini na kumeza visahani.

Dai langu la pili ni visahani vyenyewe. Kiingilio cha mgeni ni shilingi 2,000, na kila kisahani cha kukodi ni shilingi 1,000, bei ambazo sizilalamikii. Shida ni kwamba kasha la visahani vya kukodi, ambavyo nimeambiwa vilitolewa na wafadhili, limejaa vile vya kurusha mbali. Asili ya visahani hivyo ni mwaka 1983, Dave Dunipace wa kampuni ya Innova alipotengeneza kisahani chenye ukingo uliochongwa, kinachoikata hewa badala ya kuelea juu yake kama visahani butu vya kuchezea pwani. Ugunduzi huo ulikuza mchezo, lakini kisahani cha namna hiyo huhitaji kasi ili kifanye kilichokusudiwa. Mkono wa anayeanza ukikirusha polepole, hakipati kuelea hata kidogo. Kinakatiza kushoto mara moja na kudondoka hatua chache mbele. Mwalimu mwenzangu mmoja alikaribia kukata tamaa kwenye kikapu cha kwanza, akidhani mkono wake umezeeka. Binti wa kaka yangu naye aliniuliza, "Shangazi, mbona hiki kinakataa kwenda mbele?"

Kijana wetu alikimbia akaleta kutoka mfuko wake mwenyewe visahani viwili vinene, vya ukingo wa mviringo, aina inayotumiwa karibu na kikapu, na tangu hapo mambo yakanyooka. Lakini wema wa mwanafunzi mmoja hauwezi kuwa ndio utaratibu. Kasha likigawanywa katika mafungu matatu, ya karibu, ya kati na ya mbali, na karani akafundishwa kumpa mgeni la kwanza na la pili tu, watu wengi zaidi wataondoka wakiwa wameupenda mchezo. Vya ukingo mwembamba viachwe kwa wanaojua wanachokiomba.

Vibao navyo ni pungufu. Karatasi ya kuandikia alama ina nafasi ya majina na mitupo lakini haina ramani, na kutoka kikapu cha tano kwenda kituo cha sita mgeni asiye na mwenyeji atapotea, kwa sababu njia inazunguka nyuma ya mabweni ya wasichana, mahali ambapo hapana mgeni wa kiume anayepaswa kutangatanga. Mshale mmoja uliochorwa kwenye ukuta ungelimaliza tatizo hilo na kumwondolea kila mtu fedheha. Mambo mengine ya huduma ni mazuri: maji ya kunywa yako karibu na kikapu cha kwanza na cha tisa, choo ni safi, na kivuli kinapatikana karibu njia nzima isipokuwa ya saba.

Kwa anayekusudia kwenda, Jumamosi asubuhi ndiyo bora, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, kabla upepo haujakaza na jua halijawa kali. Ijumaa mchezo husimama kwa ajili ya swala, na wakati wa mitihani uwanja hufungwa kwa wageni. Vaa viatu vilivyofunika vidole, maana mawe ya matumbawe kwenye cha tano hayana huruma na ndala. Kundi linalozidi watu watano litoe taarifa mapema ili wagawanywe wawili wawili au watatu watatu, kwa sababu njia ni fupi na kundi kubwa huwasimamisha walio nyuma. Kisahani cha kukodi kikipotea hulipiwa, kwa hiyo unapochagua kwenye kasha acha vya kijani, ambavyo kwenye nyasi za masika na katikati ya mkonge havionekani hata ukivikanyaga, uchukue cha rangi ya chungwa au cha waridi.